Bi A-a Kwenye Orodha

Jumatatu, 10 Februari

Barua hamsini na tatu leo, zote za uangalizi. Printa imekwama mara nne. Mimi sijakwama hata mara moja — miaka kumi na saba kwenye ofisi ya mitihani, kiti kimeanza kuchoka kabla yangu.

Maneno ni yaleyale. "Baraza la Taaluma linapenda kukujulisha..." Linapenda! Baraza letu halichoki kupenda. Linapenda kukujulisha kwamba wastani wako haukufika 2.0, kwa hiyo umewekwa kwenye orodha ya uangalizi kwa muhula mmoja. Muhula ujao ukiikosa tena hiyo 2.0, hakuna mtihani wa marudio, hakuna rufaa, hakuna kuleta mjomba mwenye suti. Unakwenda nyumbani, na huombi nafasi tena mpaka ipite miaka mitatu.

Mwisho wa muhula zitatoka barua za aina mbili, na zote mbili zinaanza sawa: "umeondolewa kwenye orodha ya". Halafu ama "uangalizi", ama "wanafunzi". Aliyetunga ni Mama Kanuni, Mkuu wa Taaluma, nani mwingine. Nimeona watu wakilia pale dirishani kwa habari njema. Na mmoja aliruka kwa furaha mpaka mwenzake akamsomea neno la mwisho. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Namba thelathini na moja ndiyo iliyonisimamisha. Namba ya usajili niliitambua kabla ya jina. Yangu.

Nilijua inakuja, nisijifanye. Diploma ya jioni, Utunzaji wa Kumbukumbu, muhula wa kwanza: masomo matano, C nne na D moja. C pointi mbili, D pointi moja. Tisa gawanya kwa tano. 1.8. Hesabu hiyo nimewafanyia watoto wa watu miaka yote hii, bila kikokotoo na bila huruma. D yenyewe ni ya Takwimu. Kumbukumbu za chuo kizima ninazitunza mimi, halafu kwenye mtihani wa kuzitunza napata C. Mganga hajigangi!

Nikaichapa. Sikukosea hata nukta. Chini kabisa, kama kawaida, herufi za jina la mchapaji. Bosi akaisaini pamoja na zile nyingine bila kusoma. Yeye husaini kama anafukuza nzi.

Jumanne, 11 Februari

Utaratibu: barua hutolewa dirishani. Mwanafunzi anasaini kwamba amepokea, karani anasaini kwamba amekabidhi. Nikajikabidhi. Saini mbili, mkono mmoja, kalamu moja. Kidogo nijiombe kitambulisho.

Mambo yenyewe si ya kucheka. Waraka upo ukutani tangu mwaka jana: karani wa mitihani asiye na diploma ifikapo mwisho wa mwaka ujao "atapangiwa majukumu mengine". Majukumu mengine tunayajua. Ni stoo, nyuma ya karakana, kwenye viti vya miguu mitatu. Dada wa mapokezi alipelekwa huko. Anahesabu viti kila Jumatatu. Haviongezeki, havipungui. Ameanza kuongea navyo.

Nikiondolewa Juni, nasubiri miaka mitatu. Waraka hausubiri. Takwimu hiyo hata mimi naielewa.

Nyumbani sijasema. Mume wangu ni fundi cherehani, na hakuna mteja aliyepimwa kiuno mwaka huu asiyejua kwamba mke wa fundi yuko chuo. Barua nimeiweka humu, katikati ya kurasa. Humu hakuna anayefungua.

Alhamisi, 20 Februari

Kikao cha Ushauri Nasaha kwa Walio Kwenye Uangalizi. Lazima kuhudhuria. Chumba cha 6. Nilipoingia, mshauri — binti wa juzi tu, bado ana harufu ya joho — akanijia kwa heshima zote. Shikamoo mama, wewe ni mzazi wa nani?

Nikamwambia nimekuja mwenyewe, kwa niaba yangu.

Nyuma huko mtu akanong'ona, "Bi A-a!" Wakacheka. Sikumjua huyo Bi A-a ni nani.

Tukafundishwa kupanga muda. Tuamke mapema, akasema. Mimi! Ninayeamka saa kumi na moja alfajiri, nikapika, nikapiga pasi sare ya mtoto, nikafungua ofisi kabla ya mlinzi hajamaliza kupiga mswaki! Akagawa ratiba tupu tujaze. Kopi zenyewe nilizitoa mimi asubuhi. Kuteleza si kuanguka, akasema. Sawa. Lakini 1.8 ni kuanguka, kanuni ya kumi na mbili, ibara ya pili. Niliichapa mwenyewe.

Kando yangu alikaa msichana wa miwani mizito. Hapa nitamwita Miwani. Akanisogezea kiti: karibu mama, hiki kina miguu yote. Mtoto ana adabu. Nikamkumbuka, na sikupenda kumkumbuka.

Desemba, karani wa muda alimwingizia D ya Takwimu. Karatasi ya mwalimu ilisema E. Hakuna aliyeona ila mimi. Bosi akasema, aa dada, si tumwache tu mtoto wa watu. Nikamjibu: "Kosa la karani halimfaulishi mtu." Nikafuta D, nikaweka E. E ile ndiyo iliyomleta Chumba cha 6. Nakumbuka nilikunywa chai yangu kwa raha sana siku ile.

Ijumaa, 14 Machi

Takwimu ya Pili, saa kumi na mbili jioni. Mwalimu tunamwita Desimali, kwa sababu alama 39.5 kwake hubaki 39.5 na mtu hubaki amefeli. Arobaini ndiyo mlango, anasema, na mlango haufunguki kwa nusu. Huyu kijana matokeo yake alipokuwa mwanafunzi niliyachapa mimi. Alikuwa akija dirishani kwa woga, anashika kofia mkononi. Leo mimi ndiye ninayeshika kofia.

Jaribio la leo: kumi na moja juu ya thelathini.

Tatizo langu nalijua. Nikiona jedwali, mkono unataka kulichapa vizuri, si kulielewa. Mistari iwe sawa, safu zisimame wima. Jedwali langu lilikuwa zuri kuliko la kila mtu. Majibu yalikuwa mabovu, lakini yamepangwa!

Desimali akanirudishia karatasi kwa mikono miwili. Jitahidi mama, akasema. Ana huruma, shida ni kwamba huruma yake haina pointi.

Jumapili, 6 Aprili

Ripoti ya binti yetu imekuja. C ya hesabu. Nikaanza hotuba, ile yangu, anayoijua kwa moyo. Simu, marafiki, kutozingatia. Baba yake kichwa kinakubali tu, kama cherehani.

Mtoto akasikiliza mpaka mwisho. Halafu taratibu, bila ufidhuli: "Mama, kwani wewe ile Takwimu unapata ngapi?"

Baba yake akadakia, "Mama yako yuko chuo. Chuo si sekondari. Usilinganishe!"

Nikainuka kwenda kukoroga sufuria. Halikuwa na kitu cha kukorogwa, yalikuwa maji ya kuoga.

Jumatano, 7 Mei

Miwani ananifundisha. Nimeliandika, basi. Mwezi sasa, kila saa saba mchana, ofisini kwangu, Bosi akiwa ameenda kula. Niliona aibu wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikaona faida.

Desimali aliimba "kati" na "wastani" miezi miwili, hakuna kilichoingia. Miwani alichukua barua tisa kwenye trei yangu, akasema mama, zipange kwa unene. Nikapanga. Ya katikati ni ipi? Nikaishika. Hiyo ndiyo kati, akasema, haijali kwamba ile ya mwisho ina viambatanisho ishirini. Basi! Dakika tano. Nikamuuliza, wewe mwenye akili hivi, uliangukaje Takwimu? Akasema hakufanya jaribio la pili, alikuwa hospitali anamuuguza mama yake, na cheti cha daktari alikileta siku moja baada ya muda. Dirishani akajibiwa a-a.

Nani alikujibu? — nikauliza kama mjinga.

Akacheka. Hapo ndipo nilipojua Bi A-a ni nani. Eti mwanafunzi hajamaliza shikamoo, mimi nimeshasema "A-a!" Wanaigizana bwenini.

Nikacheka pia, kwa sababu ndivyo ilivyo. Halafu tukacheka zaidi, tulipokumbuka waraka wa Mama Kanuni wa herufi. Yeye hataki herufi za madaraja zisomwe Kizungu. Chuo kina heshima ya lugha yake, akaandika. Zisomwe a, be, de, e. C ikaleta shida, maana peke yake haimo kwenye alfabeti yetu — ikaundiwa kamati, wiki mbili, wakaamua "se". Kwa hiyo siku hizi ukimuuliza mwalimu mtoto amefaulu, akikujibu "a", unasikia a-a, hapana. Akikujibu "e", unasikia ee, ndiyo. Aliyeongoza darasa amekataliwa, aliyefeli amekubaliwa. Heshima ya lugha!

Tulipomaliza kucheka, nikataka kumwambia habari ya Desemba. Akaniwahi.

"Najua ni wewe uliyeifuta ile D, mama. Barua ya masahihisho ilikuwa na herufi zako chini."

Na bado unakuja kunifundisha?

"Kwani ulidanganya?" akasema. "Nilipata E." Akaokota barua zangu tisa, akazirudisha kwenye trei kwa mpangilio uleule.

Nimeona haya leo kuliko siku niliyojikabidhi barua.

Jumanne, 10 Juni

Mtihani wa Takwimu. Muda wa saa tatu, maswali sita. Mawili nayajua. Mawili nimeyakisia. La tano nililijua lilivyoanza, tukapotezana njiani. La sita nimelichorea jedwali zuri sana.

Miwani alikuwa nje anasubiri. Vipi, mama? Nikasema Mungu ni mkubwa. Akajua.

Jumatatu, 23 Juni

Kuna mambo yametokea, niyaandike kwa mpangilio kabla sijayachanganya.

Masomo yangu manne yameshaingia: B moja, C tatu. Pointi tisa. Nataka kumi. Maana yake Takwimu nataka D tu, D yenyewe ya mwisho, ya kukwaruza. Tisa na moja kumi, gawanya kwa tano, 2.0 kamili. Nikipata E, tisa inabaki tisa, 1.8 ileile, na viti vya miguu mitatu.

Matokeo ya darasa langu siruhusiwi kuyagusa. Mgongano wa maslahi. Kwa hiyo Bosi aliyaingiza mwenyewe, kwa kidole kimoja, akiuliza "hivi nukta iko wapi". Desimali yuko safarini, anasimamia mitihani tawi la pili, karatasi aliipiga picha akaituma kwa simu. Picha imekata mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho ni mimi — sisi wa kazini huongezwa kwa kalamu chini kabisa, baada ya wenye chuo chao.

Bosi akampigia. Mimi niko hatua tatu, najifanya natoboa karatasi.

"Mwalimu, huyu wa mwisho vipi, amefaulu? ... Ee? ... Haya, ee! Safi sana. Safari njema."

Akaweka simu chini, akanitazama kwa tabasamu kama la mkwe. "Dada, hongera. Umepita."

Nilitoboa karatasi kumi na mbili ambazo hazikutakiwa kutobolewa. Nikaenda chooni nikalia. Nikajipiga maji, nikarudi.

Alama hakuuliza. Alibonyeza "amefaulu" akaacha nafasi ya alama wazi. Na mfumo ukiambiwa amefaulu bila alama, unaweka wenyewe daraja la chini kabisa la kufaulu. D. Najua, nilikuwepo siku ya mafunzo, Bosi alikuwa amesinzia.

D. 2.0. Alhamdulillahi.

Jumanne, 24 Juni

Nimemwambia mume wangu. Kila kitu — uangalizi, barua, stoo, vyote — kwa sababu sasa vimepita. Akasema, "Miezi minne umebeba peke yako, mama watoto?" Akanishika mkono, mkono wenye chaki ya nguo. Baadaye nikamsikia mlangoni anamwambia jirani. Wakati wa kulala mtaa mzima ulikuwa unajua.

Binti amekuja kunikumbatia. "Kwa hiyo D si mbaya, mama?" Nikamwambia inategemea ni ya nani. Tukacheka.

Kuna kitu kinaniwasha, lakini sikikuni.

Alhamisi, 26 Juni

Desimali amerudi. Amekuja dirishani kwangu na karatasi halisi, kwa mikono miwili.

"Pole, mama," akasema.

Pole ya nini, nikauliza. Kumbe nilishajua.

Akasema amejumlisha mara tatu, akitafuta. Swali la sita alinipa mbili za jedwali. Haikutosha. 38.5. Akasema ile simu ilimshangaza: Bosi kamuuliza huyu wa mwisho amefaulu, yeye kajibu "E", Bosi kafurahi! Nikafikiri ninyi wawili hampatani, akasema.

Kumbe ndiyo hiyo. Yale tuliyochekea mimi na Miwani, yamenirudia.

Yeye anaamini E imeandikwa. Karatasi ameiweka kwenye trei yangu, ameondoka. Mstari wa mwisho, kalamu ya bluu, maandishi ya kitoto: 38.5, E. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Nikamfuata Bosi. Naandika hili ili nikija kujisomea nisiseme sikujaribu. Nikamwambia, Bosi, karatasi ya Takwimu imefika, naomba uilinganishe. Akainua mkono kama askari wa barabarani. "Dada! Ya kwako usiiguse. Mgongano wa maslahi! Na mimi nimeshasaini."

Kweli, alishasaini. "Nimelinganisha na karatasi halisi" — juzi, kabla karatasi halisi haijafika.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kuongeza. "Bosi, ni E." Maneno matatu. Nimewahi kuwaambia watoto wa watu maneno matatu mabaya kuliko hayo, nikiwa natafuna karanga. Nikamtazama. Nikasema sawa, Bosi. Nikageuka.

Nilivyoona nafuu! Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nafuu ilikuja kwanza, aibu ikafuata nyuma inachechemea. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kosa la karani halimfaulishi mtu — sawa, lakini Bosi si karani, ni mkuu wa ofisi! Nimefikia kujitetea hivyo, mimi, Bi A-a.

Karatasi nimeifungia kabatini kwa ufunguo. Kawaida huwa sifungi.

Ijumaa, 27 Juni

Saa kumi na moja na robo jioni. Niko ofisini. Wote wameondoka. Niandike upesi.

Baraza lilikaa saa tatu asubuhi. Mimi naandika muhtasari, kama miaka yote. Barazani hakuna majina, ni namba tu, ili haki itendeke. Mama Kanuni anasoma kwa rula: anaiweka chini ya mstari, anasoma, anaisogeza. Wajumbe wakubwa wanakula biskuti. Mwanafunzi mmoja aliondoka chuoni kati ya biskuti ya pili na ya tatu.

Namba ya Miwani ikafika. 2.9! Mama Kanuni akaandika, akasogeza rula. Nilitaka kupiga vigelegele.

Saa sita kasoro, darasa la jioni. Takwimu ya Pili. Bosi alikuwa ametoka nje kupokea simu. Desimali hakuwepo, si mjumbe. Rula ikashuka, ikashuka, ikafika chini kabisa. Ikasimama.

"Huyu wa mwisho," akasema Mama Kanuni. "Pana D, lakini alama hakuna. Mbona?"

Hakuna aliyejua, ila mmoja.

Akavua miwani. "Karani. Wewe ndiye unayetunza karatasi. Huyu ni D?"

Akilini nilimwona mume wangu mlangoni na jirani. Niliviona viti. Nilimwona Miwani anaokota barua tisa. Mdomo wangu una miaka kumi na saba ya mazoezi, una jibu moja tu linalotoka lenyewe bila kutumwa. Nilingoja litoke. A-a. Lingeniondoa chuoni na lingekuwa kweli tupu.

Nikafungua mdomo.

"E," nikasema.

Hivyo. Si ndefu, si fupi. Sikuivuta kama mtu anayekubali. Sikuikata kama mtu anayetaja herufi. Nilitaka kusema nini? Nimejiuliza tangu saa sita. Naapa sijui. Nadhani nilitaka kusema ukweli kwa sauti ambayo inaweza kusikika kama uongo. Au kinyume chake. Katika lugha yetu yenye heshima, mtu mwoga amewekewa herufi yake.

Mama Kanuni akanitazama. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Akavaa miwani, akaandika kitu, kifupi, akageuza ukurasa. "Mambo mengineyo?" akasema. Mtu akalalamika kuhusu vyoo.

Saa nane akaniletea faili, limefungwa kamba.

"Barua zitoke leo, Karani."

Nikauliza — sauti sijui niliitoa wapi — ule mstari wa mwisho, mheshimiwa, umeandikaje?

"Kama ulivyosema," akajibu. Akaenda zake.

Nimechapa zote. Arobaini na saba "uangalizi", tano "wanafunzi". Ya Miwani niliichapa ya kwanza na nikampa mkononi, pale dirishani. Akasoma mpaka neno la mwisho kabla ya kuruka, amejifunza. Na wewe, mama? — akauliza. Nikamwambia bado sijafika kwangu. Hilo angalau halikuwa uongo.

Imebaki moja. Ukurasa wa mwisho wa faili nimeulaza kifudifudi, nimeweka rula juu. Karatasi ya Desimali nimeitoa kabatini, iko pembeni yake, kifudifudi nayo. Mume wangu amenitumia ujumbe: amefunga cherehani mapema, wanakuja kunichukua yeye na mtoto, nisipande gari lolote. Wako getini saa hii, nasikia mlinzi anamwita shemeji.

Nimeona nianze tu na pale ambapo barua zote ni sawa, hapahitaji kufunua kitu. Tarehe nimeweka. Namba ya usajili nimeweka. Chini, herufi zangu. Na hapo katikati nimefika hapa:

"Ndugu, Baraza la Taaluma linapenda kukujulisha kwamba umeondolewa kwenye orodha ya